Buru, filamu zinatafuta sauti yenu

Wewe unayepika biti chumbani huko Buruburu, unamjua Ayub Ogada? Miaka ya 1970 aliitwa Job Seda, kijana wa bendi ya Black Savage, roki na fanki hapa hapa Nairobi. Mwaka 1986 akaenda London, akapigia wapita njia nyatiti. Ala hiyo ya nyumbani ndiyo iliyombeba: mwaka 2005 "Kothbiro", wimbo wake wa Kijaluo, ukasikika kwenye filamu ya The Constant Gardener. Alifariki 2019.

Mimi niliacha chuo, sina cheti cha kukuringia. Lakini skiza: biti za Lagos wanazo Lagos. Mwenye filamu akija mtaani, atataka kile ambacho ni wewe tu unacho. Utampa nini?