Kesi ya nyani, karani ni ngedere

BARAZANI, na Mwinyi Kijiwe

Jumanne afande mmoja alinifundisha kwamba kofi si jeraha. Aliyasema hayo akiwa ameegemea kaunta ya kituo, kijiti cha meno mdomoni, na mbele yake amesimama kijana aliyelipokea kofi lenyewe, sikio limevimba, damu imeganda kwenye ukosi wa shati.

Kijana huyo ni mwendesha bodaboda, yule aliyewahi kunibwaga na trei ya mayai. Safari hii kosa lake ni kuuliza. Alisimamishwa njiani, akaombwa ya chai, naye akataka kujua amevunja sheria gani. Akajibiwa sikioni.

Nikavaa koti nikampeleka kituoni. Bi Mkubwa, asiyeamini kwamba koti langu linaweza kumtisha hata kuku, alisema niende na wakili au nibaki nikasome gazeti.

Ukutani pale pana bango: kuandikisha ripoti ni bure, fomu ya P3 ya kuthibitisha majeraha ni bure, dhamana ya polisi ni bure. Kila kitu bure, kukipata ndiyo shughuli. Afande alianza kwa kumuuliza kijana amemkosea nini mwenzake. Mwenzake! Kisha akataka nambari ya askari aliyepiga, nadhani akijua watu wengi hawasomi nambari huku masikio yanawalia. Huyu wetu alikuwa ameisoma. Alipoitaja tu, kitabu cha matukio, OB, kikawa kimejaa. Kipya kingeletwa kesho. Ndipo ikatoka ile hekima ya kofi na jeraha, pamoja na ushauri kwamba twende tukayamalize kiungwana.

Sasa nisikilizeni. Raia aliyepigwa na polisi anatakiwa aandikishe ripoti kwa polisi, apewe nambari ya OB na polisi, na P3 ijazwe kwanza na polisi ndipo daktari ashike kalamu. Akienda kwa wakili bila karatasi hizo, ataulizwa ushahidi uko wapi. Kesi ni ya nyani, karani ni ngedere, na mlalamikaji anaambiwa awe na subira.

Mtaniambia kuna IPOA, mamlaka ya kusimamia utendaji wa polisi hapa Kenya. Naijua. Iliundwa kwa sheria ya 2011, na malalamiko huyapokea bila kupitia kaunta ile. Lakini nilipomtajia kijana, alinitazama kama mtu anayetumwa makaburini usiku. Mwendesha bodaboda mwenzake, Josephat Mwenda, alilalamika huko baada ya kupigwa risasi na afisa wa polisi mwaka 2015. Juni 2016, walipotoka mahakamani Mavoko, yeye, wakili wake Willie Kimani na dereva wa teksi Joseph Muiruri walitekwa, wakauawa, miili yao ikaopolewa mtoni. Wauaji walipatikana na hatia Julai 2022. Haki ilifika, sikatai. Ilimkuta mlalamikaji yuko kaburini.

Na anayedai fidia? Kwa madai ya kupigwa, sheria inampa miezi 12 tu kuishtaki serikali. Akishinda, asihangaike kutafuta dalali, maana mali ya serikali haikamatwi. Atarudi kortini kuomba amri nyingine ya kumlazimisha mkubwa wa wizara alipe. Siku akilipwa, pesa zinatoka hazina, yaani mfukoni mwako na mwangu. Aliyepiga yuko barabarani vilevile, mshahara kamili, na ya chai juu yake.

Ndiyo maana hawaachi. Msinipe habari za semina za hotelini. Katiba imekataza ukatili huu tangu 2010 na kila askari anajua. Wanachokosa ni kuumia. Fidia ikatwe kwenye mshahara wa aliyepiga, na mkubwa aliyemficha naye asisahauliwe.

Kijana ametibiwa kwa pesa zake, na risiti ninazo. Barua ya IPOA nimeiandika mimi na kutia sahihi yangu, ili wakitaka kumtafuta mtu wanitafute mimi. Nambari ya askari tunayo, ya yule wa kaunta pia. Sheria imetupa miezi 12, nami ni mstaafu: sina kazi nyingine.