Si Maji Tunayokunywa, Ni Maji Tunayovuta

Legionela ni bakteria anayeishi majini na kuua kwa nimonia. Amejulikana kwa karibu miaka 50 na dawa za kumtibu zipo. Hata hivyo kila anapozuka husikika maelezo yale yale yasiyo ya kweli, na maelezo hayo yanaumiza watu. Mengi humtafuta mkosaji mahali asipokuwepo. Mgonjwa huambiwa alikunywa maji machafu, jirani hushukiwa kumwambukiza, kiyoyozi cha chumbani kikalaumiwa, huku jengo lililotema bakteria likiendelea kutumika kama kawaida. Nayachukua hapa madai saba, moja baada ya jingine.

Dai la kwanza: "Aliyeugua alikunywa maji machafu."

Kipindupindu na homa ya matumbo vimetufundisha kuyaogopa maji ya kunywa, na hofu hiyo ina haki yake. Lakini Legionela hapiti tumboni. Anaingia mapafuni akiwa ndani ya matone madogo mno ya maji yanayoelea hewani, yale yanayorushwa na bomba la mvua bafuni, chemchemi ya mapambo, beseni la maji ya mapovu au mtambo wa kupozea jengo. Kumeza maji yenye bakteria huyu kwa kawaida hakumdhuru mtu. Hatari ipo pale maji yanapompalia yakaingia njia ya hewa, na hilo huwapata zaidi wagonjwa dhaifu walio kitandani.

Mwaka 1999, katika maonyesho ya maua ya Bovenkarspel nchini Uholanzi, beseni la maji moto yenye mapovu liliwekwa ukumbini ili wanunuzi walitazame. Halikuwekwa kwa ajili ya kuogea. Wageni walipita karibu nalo, wakavuta ukungu uliokuwa ukipanda juu ya maji. Zaidi ya watu 180 waliugua na zaidi ya 20 walifariki. Kuchemsha maji ya kunywa ni desturi njema isiyofaa kuachwa, lakini kusingemwokoa hata mmoja wao.

Dai la pili: "Ni ugonjwa wa kuambukizana, mgonjwa atengwe."

Dai hili lina umri sawa na ugonjwa wenyewe. Julai 1976, askari wastaafu wa chama cha American Legion walikutana katika hoteli ya Bellevue-Stratford mjini Philadelphia, Marekani. Siku chache baadaye, wengi wakiwa wamesharudi makwao, wakaanza kufa kwa nimonia ambayo madaktari hawakuitambua. Jumla ya watu 221 waliugua na 34 wakafa. Mwaka huo Wamarekani walikuwa na hofu ya homa ya mafua ya nguruwe, kwa hiyo ilikuwa rahisi kuamini kwamba watu hawa waliambukizana wenyewe kwa wenyewe.

Ushahidi ulionyesha vingine. Ndugu waliobaki nyumbani na kuwauguza wagonjwa hawakuugua. Kwa upande mwingine, wagonjwa 39 hawakuwa wajumbe wa mkutano kabisa, bali walikuwa wamefika tu karibu na hoteli ile. Hao hawakukoholewa na mtu, walivuta hewa ya mahali pale. Januari 1977, Joseph McDade na Charles Shepard wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, walitangaza kwamba wamempata bakteria mwenyewe, naye akaitwa kwa jina la chama kile.

Tangu wakati huo linajulikana tukio moja tu ambalo wataalamu wanaona huenda mtu alimwambukiza mtu. Lilitokea Ureno mwaka 2014, ambapo mama alimuuguza mwanawe mahututi kwa saa nyingi katika chumba kidogo kisichopitisha hewa vizuri. Tukio hilo moja haliubadilishi mwongozo wa kila siku: mgonjwa wa Legionela hahitaji kutengwa. Watu wa mtaa mmoja wanapougua kwa pamoja, sababu ni kwamba wamevuta ukungu wa chanzo kimoja, hata kama chanzo hicho kiko mbali. Katika mlipuko wa Pas-de-Calais, kaskazini mwa Ufaransa, mwaka 2003 hadi 2004, bakteria kutoka kiwanda kimoja cha petrokemikali waliwafikia watu waliokuwa kilomita sita au zaidi kutoka hapo. Wagonjwa walikuwa 86, na 18 kati yao walikufa.

Dai la tatu: "Maji ya bomba yametiwa klorini, hayana wasiwasi."

Maji yanaweza kutoka kwenye mtambo wa kusafishia yakiwa salama kabisa, kisha yakaharibikia ndani ya jengo. Ukikata bomba la zamani utauona utando laini unaoteleza umeshika ukuta wa ndani. Humo hukaa bakteria wa aina nyingi, na pamoja nao ameba wanaowala. Mwaka 1980, mwanasayansi Timothy Rowbotham wa Leeds, Uingereza, alionyesha kwamba Legionela akimezwa na ameba hasagwi. Anazaliana humo humo tumboni mwa mwenyeji wake mpaka anampasua na kutoka nje. Ameba anapojifunga katika gamba lake gumu, klorini ya kawaida ya bomba haimpenyi, wala haimfikii aliyejificha ndani yake.

Hila hiyo hiyo ndiyo inayomfanya awe hatari kwetu. Mapafu yana chembe za ulinzi ambazo kazi yake ni kumeza vijidudu. Zinammeza Legionela, naye anazigeuza kuwa makazi.

Mji wa Flint, jimbo la Michigan nchini Marekani, unaonyesha jinsi ulinzi wa klorini unavyoweza kuvunjika. Aprili 2014 viongozi walibadili chanzo cha maji ili kupunguza gharama, wakaacha maji ya Detroit na kuchukua ya Mto Flint, bila kuweka kemikali ya kuzuia mabomba yasilike. Maji yakala mabomba. Dunia ilisikia zaidi habari ya madini ya risasi yaliyowadhuru watoto, lakini chuma kilichotoka kwenye kutu nacho kilikula klorini kabla haijazifikia nyumba. Katika mwaka huo na uliofuata watu karibu 90 wa eneo hilo waliugua ugonjwa wa Legionela na 12 wakafa, na watafiti wamehusisha ongezeko hilo na kushuka kwa klorini majini. Klorini ni ya lazima, ila haitoshi bila maji kutembea, mabomba kuwa mazima na joto kudhibitiwa.

Dai la nne: "Ni viyoyozi. Zima kiyoyozi cha chumbani utakuwa salama."

Kiyoyozi cha ukutani hupoza hewa kwa gesi inayozunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Hakirushi ukungu wa maji, na maji yanayodondoka nje ni unyevu wa hewa ya chumba tu. Kukizima hakumkingi mtu na Legionela.

Kinachostahili kuogopwa ni mnara wa kupozea, ule ulio juu ya paa la hoteli kubwa, hospitali au kiwanda. Maji ya uvuguvugu humwagwa humo kama mvua huku feni zikivuta hewa kupitia kati yake. Kama hayakutibiwa kwa dawa na mnara haukusafishwa, hewa inayotoka inabeba bakteria hadi mitaani. Mwaka 2001 huko Murcia, Hispania, zaidi ya watu 440 walithibitishwa kuugua kwa njia hiyo, idadi kubwa kuliko ya mlipuko wowote uliokuwa umerekodiwa hadi siku hiyo.

Hata usafishaji unaweza kuua ukifanywa ovyo. Katika kiwanda kile cha Pas-de-Calais, wimbi la pili la wagonjwa lilihusishwa na kuoshwa kwa mnara kwa maji ya shinikizo kubwa, kazi iliyowatawanya hewani bakteria waliokuwa wameshikamana na kuta.

Hatua za kuzuia zipo. Baada ya mlipuko wa Bronx Kusini mwaka 2015, Jiji la New York lilitunga sheria mwaka huo huo kwamba kila mnara wa kupozea usajiliwe, upimwe mara kwa mara na usafishwe. Sheria hiyo haikumgusa mwenye kiyoyozi cha chumbani. Ilimfuata mwenye jengo, na ndipo ilipopaswa kwenda.

Dai la tano: "Huo ni ugonjwa wa Ulaya na Marekani, sisi tuna joto."

Joto ndilo analolitaka. Legionela huzaliana vizuri kati ya nyuzi 25 na 45 hivi za Selsiasi. Chini ya nyuzi 20 hulala, na katika nyuzi 60 hufa upesi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hushauri maji moto yahifadhiwe kwa nyuzi 60 au zaidi, na maji baridi yabaki chini ya nyuzi 25, ikiwezekana chini ya 20. Sasa fikiria tangi jeusi lililo juu ya paa Dar es Salaam au Mombasa, jua la saa saba likilipiga. Maji tunayoyaita baridi huko pwani yanatoka bombani yakiwa vuguvugu. Hita ya jua inayopashwa nusu nusu siku za mawingu, au hita ya umeme iliyoteremshwa hadi nyuzi 40 ili kupunguza bili, inamwandalia bakteria huyu makazi ya kudumu.

Nchi za joto hazijakingwa naye. Kituo cha Umoja wa Ulaya cha kudhibiti magonjwa kilitoa taarifa kwamba kuanzia Oktoba 2016 waliongezeka wagonjwa wa Legionela waliokuwa wametoka safari Dubai, mji ambao Waswahili wengi huenda kwa biashara na ajira.

Tunawasikia wachache hapa kwetu kwa sababu tunapima wachache. Kipimo cha mkojo kinachotumika sana Ulaya si cha kawaida katika zahanati na hospitali zetu nyingi, na hata hicho hutambua kundi moja tu la bakteria hawa, ingawa ndilo linaloongoza kwa kuua. Mgonjwa huandikiwa nimonia, akapona au akazikwa, na jina la aliyemuua halijulikani. Ukimya wa takwimu usihesabiwe kuwa ushahidi wa usalama.

Dai la sita: "Nimonia ni nimonia, amoksilini itamaliza."

Amoksilini na dawa za jamii yake zimeokoa maisha mengi, na nimonia nyingi zinazoletwa na bakteria wengine huzisikia. Legionela hazisikii, kwa sababu anakaa ndani ya chembe za mwili ambamo dawa hizo haziingii vya kutosha. Mgonjwa wa Legionela apewe dawa zinazopenya humo, kama vile azithromaisini, levofloksasini au doksisaiklini. Kwa wastani mgonjwa mmoja kati ya kumi hufa, na kwa walioupata ugonjwa huu hospitalini ni mmoja kati ya wanne. Kila siku inayopotea kwa dawa isiyofaa hupunguza nafasi ya kupona.

Dalili zake haziishii kifuani. Pamoja na homa kali, kikohozi na kubanwa na pumzi, mara nyingi huja kuharisha, maumivu ya misuli na kuchanganyikiwa. Huanza siku 2 hadi 14 baada ya mtu kuvuta bakteria. Waliopita umri wa miaka 50, wavutaji sigara, wenye kisukari, wenye maradhi ya mapafu au figo na wote ambao kinga yao imepungua wako hatarini zaidi. Anayelala hotelini au kulazwa hospitalini kisha akapata nimonia ndani ya wiki mbili amwambie daktari alikokuwa. Taarifa hiyo fupi inaweza kubadili dawa atakayoandikiwa.

Dai la saba: "Makohozi yameonyesha vijidudu, basi ni TB."

Hapa tunamwacha Legionela, kwa sababu maji yana bakteria wengine wa mapafu. Wapo ndugu wa kijidudu cha TB, kama *Mycobacterium avium*, wanaoishi kwenye udongo, mabomba na vichwa vya mabomba ya mvua. Huleta kikohozi cha muda mrefu, kukonda na homa za jioni, hasa kwa mtu ambaye mapafu yake yaliharibiwa zamani na TB au mwenye virusi vya UKIMWI. Kwenye darubini huchukua rangi ile ile ya kijidudu cha TB, na jicho la mpimaji haliwezi kuwatenganisha.

Matokeo yake mtu anaanzishiwa dozi ya TB, anaimaliza kwa uaminifu na bado anakohoa, kisha anaambiwa kwamba hakumeza vidonge au kwamba TB yake ni sugu. Mashine ya GeneXpert hutafuta vinasaba vya TB yenyewe. Darubini ikisema ndiyo na GeneXpert ikasema hapana, jibu hilo linadai uchunguzi zaidi wa kuotesha bakteria. Bakteria hawa wa majini wanatibiwa kwa mchanganyiko mwingine wa dawa, kwa mwaka mmoja au zaidi. Mgonjwa wa namna hii amefuata masharti yote, na hastahili lawama ya mtu.

Madai yote saba yana kasoro moja. Yanamtwika mzigo mtu binafsi au kumtuliza bure, ilhali maji yaliyolala kwenye tangi na mabomba yana mwenye dhamana. Mwenye hoteli, hospitali, bweni au kiwanda ndiye anayeamua kama tangi litafunikwa na kusafishwa, kama hita itafika nyuzi 60, kama bomba la chumba kisichotumika litafunguliwa kila wiki maji yatembee, na kama mnara wa kupozea utatiwa dawa na kupimwa. Kazi hizi hufanywa na mafundi wa kawaida kwa gharama inayobebeka. Hospitali inapaswa kuwa ya kwanza kuzitimiza, maana inawapokea watu wenye mapafu dhaifu kuliko wote. Mamlaka za afya nazo ziweke kipimo cha Legionela katika hospitali za rufaa na ziyakague majengo makubwa kwa ratiba inayojulikana. Mtu hawezi kuamua asivute hewa ya mahali alipo. Kwa sababu hiyo, usafi wa maji yanayorushwa hewani hauwezi kuachwa kuwa hiari ya mwenye jengo.