Mafuta ya breki yakionekana safi bado si salama

Mwandishi, hapo uliposema mafuta ya breki yabadilishwe "yakionekana machafu" sikubaliani nawe. Huku Kianjokoma tunateremka hadi Embu mjini mguu ukiwa kwenye breki, na mafuta hayo hunyonya unyevu polepole bila kuonyesha dalili. DOT 3 mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 205. Ikishaingiwa na maji asilimia 3.7, kiwango hicho hushuka hadi 140. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke unabanwa, pedali inazama. Ilinipata nikipeleka ndizi sokoni, gia ya pili ndiyo iliyoniokoa. Kwenye kikopo mafuta yalikuwa safi kabisa, lakini fundi alipofungua nipeli za kutolea hewa kwenye magurudumu yakatoka meusi. Kwa hivyo ndugu unayesema hapo juu kwamba kuongeza kunatosha, kuongeza hakuondoi maji yaliyokaa kwenye silinda za magurudumu. Nunua chupa ambayo haijafunguliwa. Na kwa gari kuukuu, fundi asikanyage pedali hadi mwisho anapotoa hewa, raba za masta silinda huchanika penye kutu. Badilisheni kila miaka 2, tafadhali, hasa sisi wa milimani.