Fuata Moyo, na Watoto Wamfuate Nani?

Ndugu Waislamu, limezuka neno: acha kazi, fuata moyo wako. Mtu ana mke na watoto, huacha useremala aliofunzwa na babake akaenda kupiga picha, eti ndiko roho yake iliko. Masurufu ya nyumba atatoa nani? Mkwewe?

Wengine humshika Imam Ghazali, Mungu amrehemu, aliyeacha kusomesha Nidhamiyya ya Baghdad mwaka 1095. Someni vizuri! Yeye alikimbia jaha na sifa, vitu ambavyo nafsi yake ilikuwa ikivipenda. Wala hakutoka ila baada ya kuwawekea wanawe kadiri ya kuwatosha.

Kubadili kazi si haramu. Ila anayetaka, na atwambie kwanza mkewe atapika nini mwezi ujao.