Jua la Saa Sita Halipambi Waridi

Nimeudhika, wala sioni sababu ya kuficha maudhi yangu. Katika maonyesho madogo ya picha za bustani yaliyofanyika hapa Unguja, ambayo walioalikwa kushindana ni watu wa kawaida wenye simu zao za mkononi na makopo yao ya maua uani, mwamuzi mmoja, mtu wa makamo mwenye kamera ya thamani kifuani, alisimama mbele ya picha ya waridi iliyoletwa na bibi mmoja mzee, akaitazama kwa muda usiotosha kumeza mate, kisha akatoa hukumu kwa sauti ya kusikiwa na wote: "Bibi, picha yako imekosa mwanga. Rudi ukapige saa sita, jua likiwa kali." Bibi akajibu, "Haya, mwanangu," kwa adabu ambayo mwamuzi yule hakuistahili, akajiendea zake. Mimi sikujaliwa adabu ya bibi yule, na ndiyo maana naandika.

Itikadi kwamba picha ya bustani haiwi njema ila kwa jua kali, na kwamba kila picha iliyopigwa penye nuru haba ni mgonjwa anayengoja kuongezwa mwanga ili apone, imeenea kwa wasomi na wasiosoma, kwa maskini na matajiri, wala sijapata kumsikia mtu akiitakia burhani. Nami nasema, na nitasema tena kabla makala haya hayajaisha, kwamba nuru ya picha haipimwi kwa wingi wake bali kwa tabia yake: imetoka upande gani, imeanguka juu ya nini, na imeangukaje, kwa ukali au kwa upole. Mwenye kuuliza "mwanga ni mwingi?" hajauliza kitu.

Hebu msomaji asimame uani mchana wa saa sita na kitu katika siku za mwanzo wa Machi, au za mwanzo wa Oktoba, majira ambayo jua hupita utosini hasa kwa watu wa Unguja, akitafute kivuli chake. Atakikuta kimejikunyata chini ya nyayo. Basi na waridi ni vivyo hivyo: petali ya juu humwaga giza juu ya petali ya chini, ile inayoitazama mbingu huungua ikawa nyeupe pe, na ile iliyo chini yake huwa nyeusi ti, na baina ya weupe ule na weusi ule hapasalii kitu ambacho jicho laweza kukifuata. Kamera haina stahamala ya jicho la mwanadamu. Jicho humwona paka aliyelala kivulini na ukuta uliopigwa na jua kwa wakati mmoja. Kamera humchagua mmoja na kumtoa mwenziwe mhanga. Waridi jekundu lina balaa lake la ziada, kwa maana wekundu mkali aghalabu hujaa ndani ya kamera kabla ya rangi nyingine, na ukishajaa mikunjo yote ya petali hupotea, likasalia doa moja kama muhuri wa posta. Ama majani yenye kung'aa, ya mgomba au ya mlangilangi, yakipigwa na jua la adhuhuri hayaonyeshi ukijani wake. Yanachoonyesha ni jua. Siku ya mawingu, baada ya mvua ya rasharasha, majani hayo hayo huwa na ukijani ambao saa sita ya jua haijui habari zake.

Wapi basi ilikozaliwa dhana hii? Haikuzaliwa katika bustani, wala katika jicho la msanii yeyote. Ilizaliwa ndani ya sanduku. Picha kongwe kuliko zote zilizopigwa kwa kamera zikasalia, aliyoipiga Nicéphore Niépce huko Ufaransa yapata mwaka 1826 au 1827, ilihitaji saa nyingi za nuru ya jua kwa sababu dawa aliyoitumia ilikuwa nzito wa kuamka. Mwaka 1900 kampuni ya Kodak ikaleta kamera ndogo ya kisanduku iliyoitwa Brownie, ikauzwa dola moja tu ya Marekani, na watu ambao hawakuwahi kuota kumiliki kamera wakaimiliki. Kisanduku kile kilikuwa na lenzi sahili, na kwa picha ya papo hapo mwendo wake wa kufumba na kufumbua ulikuwa mmoja tu, na kwa hiyo mwenye nacho alilazimika kulipa jua mgongo na kukipa nuru tele, la sivyo filamu ilitoka tupu. Kanuni ile ilikuwa halali kwa kisanduku kile. Leo mababu na visanduku vyao wamezikwa, simu ya kamera ya bei ya chini kabisa katika duka la Darajani hapa Unguja hujipimia nuru yenyewe, lakini kanuni imerithiwa kama ilivyo, na mtu mzima mwenye kamera ya mamilioni shingoni husimama mbele ya umma akahukumu kwa sheria ya kisanduku cha dola moja!

Wako watakaonijibu kwamba haya ni maneno ya mtu anayependa giza. Hawa nitawapa jina moja tu, Karl Blossfeldt, Mjerumani, mwalimu wa sanaa katika Berlin ambaye hakusomea upigaji picha, aliyejiundia kamera kwa mikono yake na akatumia zaidi ya miaka thelathini kupiga picha za vichipukizi, maua na mbegu, mbele ya karatasi isiyo na pambo, kwa nuru ya mchana iliyopoa. Kitabu chake cha mwaka 1928 kiliwashangaza watu wa Ulaya, nao wakauona msokoto wa jani changa la kangaga mfano wa kazi ya mhunzi hodari. Hakulitafuta jua la utosini. Aliitafuta nuru iliyotua, akaingoja, na mmea ukajieleza wenyewe.

Turudi kwenye picha iliyohukumiwa, maana nilipata ruhusa ya mwenyewe nikaitazama kwa insafu ambayo mwamuzi hakuwa na wasaa nayo. Ilikuwa waridi jeupe lililopandwa katika kopo la rangi la zamani, limewekwa juu ya baraza, jua likikaribia kuzama. Nuru ilikuja ubavuni, kutoka upande wa lango, ikapita juu ya ua kwa upole hata mikunjo ya petali ilijitenga mmoja baada ya mmoja, kutoka weupe hadi kijivu hafifu cha ndani. Hapo palikuwa na uzuri, na mtu aliyenyimwa hisi ndiye asiyeuona. Ila zilikuwapo pia. Mkono ulitikisika, kingo za majani zikacheza. Nyuma ya ua palikuwa na ndoo ya plastiki ya buluu iliyovuta macho kuliko ua lenyewe. Upande wa pili wa ua, ule usioelekea lango, ulizama gizani zaidi ya inavyopasa. Hizo ndizo taksiri tatu za picha ile, na hakuna hata moja inayohitaji jua la saa sita ili itibiwe.

Angeambiwaje bibi, lau mwamuzi angekuwa mwamuzi? Angeambiwa aegemeze viwiko vyake juu ya ukingo wa baraza, au aisimamishe simu juu ya tofali na kuipa sekunde mbili za kungoja kabla haijapiga, ili kidole kisiitikise. Aiondoe ndoo, au asogee hatua mbili hata ndoo ifichwe na kopo. Aliguse ua juu ya kioo cha simu, ili simu ijue kinachotakiwa ni ua na si ukuta. Kisha amwite mjukuu wake aliyetoka chuoni na kanzu yake nyeupe, amchutamishe upande ule wa giza, nje kidogo ya picha, na kanzu itairudisha nuru juu ya petali bila gharama ya hata senti. Walakini asimwite mjukuu mwenye kanga nyekundu, maana kanga hurudisha wekundu wake pia. Taa ya simu aizime kabisa. Taa ile ni kikohozi katikati ya taarabu: inapiga uso wa ua, inaua kila kivuli kilicholipa ua umbo, na ukirudi nyuma hata umbali wako ukawa mara mbili, nuru yake inayofika hubaki robo, hivyo ua linang'aa kwa kufoka na bustani nzima nyuma yake inakuwa kaburi.

Badala ya hayo, kijana mmoja mwenye haraka ya kusaidia aliipokea simu ya bibi, akaivuta alama ya mwanga hadi mwisho wake na alama ya rangi hadi mwisho wake, akasema kwa fahari, "Sasa imechangamka!" Ilichangamka kweli. Pembe zilizokuwa na giza la heshima zilijaa chenga tupu, kwa sababu nuru isiyoingia ndani ya kamera wakati wa kupiga haizaliwi baadaye kwa kidole. Waridi likafutika mikunjo likawa bapa. Na majani yakapata ukijani ambao sijapata kuuona katika mmea wowote aliouumba Mola. Nilipouliza ni nini kilichoboreshwa nikaambiwa, "Mzee, watu siku hizi wanapenda rangi." Hiyo ndiyo hoja yao! Watu wanapenda. Watu hao hao ndio wanaong'oa mirehani na asumini uani wakamwaga zege na kutandika vitofali vya saruji, kisha wakaweka maua ya plastiki juu ya meza ya wageni na kuyafuta vumbi kila Ijumaa. Ndio wanaomkodi mpiga video wa harusi ammulike bibi harusi usoni hata akatokwa na machozi yasiyo ya furaha. Kama mapenzi ya hao ndiyo mizani ya uzuri, basi tuachane na bustani, tupige picha dukani.

Na tujiulize jambo lililo wazi kwa kila mwanamke wa pwani aliyepata kufunga kikuba: asumini huchumwa saa ngapi? Huchumwa alasiri, ingali imefumba, ikafunguka magharibi na usiku, ndipo harufu yake inapoujaza ua na vyumba. Anayeingoja saa sita ya kesho ili aipige picha ataikuta imelegea, inaanza kuwa hudhurungi. Ua ambalo kwa asili yake hufunguka penye nuru haba litapigwaje picha kwa sheria ya jua kali? Na nuru hiyo ya jioni, kwetu sisi tulio karibu na mstari wa Ikweta, haidumu hata nusu saa baada ya jua kutua. Siyo kama ya nchi za kaskazini ambako wakati wa kiangazi jioni hujikokota. Hapa mwenye kuitaka sharti awe tayari, simu mkononi, mahali pake pa kusimama amekwisha kupachagua, kabla ya adhana ya magharibi.

Kwa hiyo nawaomba waandaaji wa maonyesho yajayo jambo moja dogo: maneno "imekosa mwanga" yasikubaliwe kuwa hukumu mpaka aliyeyatamka aeleze nuru ilitoka wapi, iliangukia wapi, na nini hasa kilichopungua. Asiyeweza kueleza avuliwe uamuzi, apewe kazi ya kupanga viti. Na kwenu nyinyi wenye bustani, maadamu hakuna mwingine wa kuwaambia: pigeni asubuhi jua linapochomoza, pigeni kivulini, pigeni siku ya mawingu, pigeni jioni, na katika siku ya jua kali, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, simu ikae mfukoni.