Nyumba ya udongo, kazi ya asasi, na swali la "utakula nini?"

Nimeadimika kidogo, UE zilitubana, si mnajua wenyewe. Zimeisha, mambo ya sapu tunamwachia Mungu. Leo nina jambo moja la kusema, maana tangu semista ianze kila ninayekutana naye kafeteria ananiuliza lile lile: hivi ni kweli ukimaliza chuo unakwenda kukaa kijijini kwenye asasi, tena ndani ya nyumba ya udongo? Utakula nini?

Jibu fupi: ni kweli. Jibu refu ndo hili.

Kwa wasiojua, asasi yenyewe ni ndogo, ina watu watano na pikipiki moja. Tunajenga matangi ya kuvuna maji ya mvua kwenye shule za msingi huku Chamwino, halafu tunakaa na kamati za kijiji mpaka wajue kuyasafisha na kuyaziba yakipasuka. Nilienda pale kwa ajili ya fildi mwaka wa pili, nikapewa nauli na chakula cha mchana, basi. Fildi iliisha lakini mimi nikaendelea kwenda, karibu kila Jumamosi. Na kwenye kiwanja alichonipa mjomba kijiji hicho hicho, nimeanza kujenga chumba na sebule kwa tofali mbichi.

Watu wanaona hayo ni mambo mawili, yote ya ajabu. Mimi naona ni jambo moja, na sababu yenyewe ni hela.

Piga hesabu ya mhitimu anayeanza maisha hapa Dodoma mjini. Chumba nilichoulizia mimi mwezi uliopita ni 70,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka miezi sita mkononi. Hiyo ni 420,000 kabla hujanunua godoro wala ndoo. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia huku, mji umejaa watu wanaotafuta vyumba, kwa hiyo usitegemee huruma. Mtu wa namna hiyo ukimwambia atafute kazi yenye maana kwake, unamtania. Atachukua ya kwanza itakayomfikia, na ana haki. Wengi wetu tunadhani tunachagua kazi, kumbe kodi ya chumba ndo inatuchagulia. Ukiwa na pa kulala pasipodaiwa, posho ambayo mwenzako ataicheka wewe inakutosha. Kwangu mimi kuta zile ndo mtaji wa kufanya kazi ninayoitaka.

Sasa tuje kwenye udongo wenyewe, maana hapa ndo kuna dharau nyingi. Mtu akisikia nyumba ya udongo anawaza kibanda kinachoanguka masika ya kwanza. Kuanguka zinaanguka kweli, ila tuulize kwa nini. Mzee mmoja fundi anayenielekeza anasema adui ni maji, na yanaingia kwa njia mbili: chini na juu. Chini unaweka msingi wa mawe unaopanda angalau futi moja na nusu juu ya ardhi, ukuta usinyonye unyevu wala kurukiwa na matone. Juu unatoa paa lenye upenuo mpana, mvua isipige ukuta. Ukifanya hayo mawili, pamoja na kufuatilia mchwa, ukuta wa udongo utakuzika wewe. Huku Dodoma mvua yenyewe ni ya kubembeleza, miezi mingi ni kiangazi. Wagogo hawakujenga tembe kwa kukosa akili. Ule udongo mnene ukutani na juu ya paa ulikuwa unawapa ubaridi mchana na joto usiku, bila feni wala umeme.

Udongo nao haufai wote. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, weka udongo mpaka theluthi moja, jaza maji, tikisa sana, iache mpaka kesho yake. Mchanga unatua kwanza, juu yake vumbi laini, na mwisho kabisa mfinyanzi. Mfinyanzi ukizidi tofali linapasuka likikauka. Mchanga ukizidi linamomonyoka mkononi. Wa kwangu ulikuwa na mfinyanzi mwingi, tukauongezea mchanga wa korongoni na nyasi kavu zilizokatwakatwa. Unaukanda kwa miguu, unauacha ulale, ndo unafyatua kwa kalibu. Tofali linakauka kivulini, unaligeuza, linakaa wiki tatu hivi. Mpaka sasa kilichokula hela yangu ya bumu ni mawe ya msingi na mbao za kenchi. Mabati bado, na najua hayo peke yake yatazidi gharama ya ukuta mzima. Kwa hiyo nyumba ya udongo si ya bure, nisiwadanganye. Ila pale kwenye ukuta, ambapo wenzangu wananunua mifuko ya saruji, mimi natoa jasho na wali maharage kwa marafiki.

Kwa wanaodhani haya ni mawazo ya mtu aliyekosa ajira, nawapa mfano wa Francis Kéré wa Burkina Faso. Kazaliwa kijiji cha Gando, kaenda Ujerumani, na akiwa bado mwanafunzi wa usanifu majengo Berlin akaanzisha chama cha kuchangisha fedha mwaka 1998 ili kijiji chake kipate shule. Wanakijiji waliposikia ni ya udongo walishangaa, maana walitegemea mtu wa Ulaya alete zege na vioo. Yeye akatumia tofali za udongo zilizochanganywa na saruji kidogo, akainua bati juu mbali na dari ili hewa ya moto ipite, na wanakijiji wakajenga wenyewe. Shule ilikamilika 2001. Yeye alihitimu 2004! Mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker, ambayo kwa wasanifu majengo hakuna kubwa kuipita. Sidai nitakuwa Kéré. Ninachosema ni kwamba kazi iliyompa jina aliifanya akiwa mwanafunzi kama sisi, kwa udongo, kupitia chama kisicho cha faida.

Na hapa kwetu Mwalimu Nyerere alishayasema. Mwaka 1977, akitathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha, aliwashangaa watu wanaokataa tofali za kuchoma na vigae vya udongo wa kwao, wanangoja saruji na bati kana kwamba bila hivyo hakuna nyumba. Mimi naongeza tu kwamba tofali za kuchoma nazo zina lawama yake, tanuru linakula miti. Ndo maana nimebaki na mbichi.

Haya, tuje kwenye hoja za kunipinga, maana zipo na nyingine ni nzito.

Ya kwanza ni ya mama yangu. Yeye alikulia kwenye nyumba ya udongo akaikimbia: panya, nyufa, kukandika upya kila mwaka. Ananiambia, "Mwanangu, sisi tulikosa, wewe unachagua." Hapo sina jeuri. Ndiyo maana sitamhubiria mwanakijiji yeyote aache kutamani nyumba ya saruji. Ninachoweza ni kujenga yangu vizuri, wapite waione, waamue wenyewe.

Ya pili: asasi zenyewe zina nini? Semina, posho, picha za ripoti, mfadhili akiondoka mradi unakufa. Ni kweli tupu. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje tuliona asasi kibao zikipunguza watu, na kaka zetu waliokuwa na magari ya mradi wakarudi kutembeza CV. Kwangu hiyo ni sababu ya kwenda asasi kwa akili tofauti. Ukienda kufuata gari la mradi, gari likiondoka na wewe huna sababu ya kubaki. Tangi ambalo kamati ya kijiji inajua kuliziba haliulizi mfadhili yuko wapi. Ukiwa na nyumba pale pale, na wewe huulizi.

Ya tatu ndo inayoniuma: Bodi ya Mikopo. Mwajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara, na deni halitaki kujua kama unajitolea. Pia nina wadogo zangu wawili nyuma, mmoja yuko kidato cha tatu. Kujitolea kwa mtu wa familia kama yangu hakuwezi kuwa kwa milele. Kwa hiyo nimejiwekea miaka miwili. Asubuhi asasi, jioni na msimu wa kilimo nafyatua tofali za kuuza na kulima alizeti na mjomba, ya ada ya dogo itoke hapo. Ikishindikana nitatafuta ajira kama wengine, na nyumba itabaki.

Mnauliza napata nini. Napata kuona mtoto wa darasa la pili akifungua koki akanywa, asubuhi ambayo zamani angekuwa njiani na ndoo. Nikiwa na hilo sioni kama nimepotea.

Nyie mnasemaje? Hasa mliolelewa kwenye nyumba za udongo, nipingeni. Na Jumamosi hii tunaanza kozi ya sita, tunaondoka saa kumi na mbili asubuhi kituo cha daladala. Mwenye nafasi aje na ndala za kukandia. Wali maharage upo.