MOSHI WA JIKONI NA ZIADA YA CHAMA



Katika mkutano uliopita tulibishana sana juu ya ziada ya msimu huu. Wapo waliotaka tupake rangi ofisi na kununua viti. Akina mama waliokaa nyuma wakasema hapana, fedha zizungushwe kama mkopo wa kujenga mitambo ya gesi ya samadi. Giza likaingia, kura haikupigwa. Siku ile sisi tulinyamaza maana tulikuwa tunaandika kumbukumbu. Leo tunasema wazi: tuko upande wa akina mama.

Sisi tumekulia kwenye jiko la mafiga. Mama akiinama kupuliza moto, machozi yanamtoka, na mtoto mgongoni anakohoa. Tukasema ni mafua tu. Tumekuja kusoma darasa la watu wazima tayari tuna wajukuu, ndipo tukajua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani, na zaidi ya 237,000 kati yao ni watoto wa chini ya miaka 5. Jamani, hayo si mafua.

Serikali nayo mwaka 2024 ilitoa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi. Vizuri. Lakini tuseme kweli: mtungi wa kilo 6 ukiisha, nyumba nyingi hazina fedha ya kujaza tena. Tumeuona mmoja umegeuka kigoda cha kukalia mgeni! Samadi hatununui. Ng'ombe wetu wa kihambani wanakula zizini, mavi yapo pale pale. Mtambo mdogo unataka kama kilo 20 mpaka 40 za samadi kwa siku, na maji kiasi hicho hicho. Ng'ombe wawili watatu wanatosha. Gesi ikishatoka, tope linalobaki ni mbolea safi ya migomba na kahawa. Si jambo geni pia: CAMARTEC ya Arusha wamejenga mitambo hii tangu miaka ya 1980. Asiye na ng'ombe hatufai kumsahau, naye akopeshwe jiko banifu.

Wazee wanasema moshi unafukuza wadudu darini, na kiburu cha kuni ndicho kitamu. Hilo la wadudu ni kweli. Na pipa la mbege halichemki kwa gesi ya ng'ombe wawili, kwa hiyo siku ya sherehe kuni zitawaka, hatukatai. Tunazungumzia chai ya asubuhi, uji wa watoto na maharage ya kila siku. Kuni hizo zinatoka wapi? Msitu wetu wa Rau wenye mti wa msoo ni hifadhi, na bado tunasikia shoka.

Liko jambo moja linatukera. Mama ndiye anayebeba majani kutoka tambarare. Mtambo ukija, tusimwongezee na kukoroga samadi. Tunapendekeza sharti la mkopo: baba wa nyumba ndiye akoroge, na sahihi aweke yeye mwenyewe. Wengine watacheka. Sisi tayari tumenunua mabuti.

Mkutano utarudiwa Jumamosi saa nane mchana, hapa hapa stoo. Mume na mke waje wote wawili, kila mmoja na kura yake.

Katibu wa Tawi,
Rau